Maneno ya mwinamo

Maneno ya mwinamo hutaja kitu kisichosimama wima wala kulala kabisa. Kiswahili hakina neno moja la kubeba hali zote hizo, bali kina mengi, na huo ni utajiri wake. Mji wa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unafaa kuyaonyesha. Kando ya bomba refu la moshi la kiwanda kilichoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, chini ya kampuni ya Union Minière, kulirundikwa kilima cheusi cha masalia. Ubavu wake ni mteremko kwa anayeshuka, mwinuko kwa anayepanda.

Kuinama na kuegemea si kitu kimoja. Nguzo huinama peke yake; kuegemea kunadai cha kuegemewa. Tazama baiskeli ya muuza makaa iliyosimamishwa barabarani: imeegemea fimbo iliyotegwa chini ya magunia, na fimbo ikichomoka, yote huanguka. Magunia yakizidi upande mmoja, mzigo umekwenda tenge.

Seremala hukata ubao hanamu, yaani kwa kuinamisha mkato. Mshazari ni mstari wa kona hadi kona. Benibeni hubeba lawama: kitu kimekaa vibaya, kinyooshwe.