Wenye Mto na Wenye Samaki: Bonde la Blackwater

Mto Blackwater wa kusini mwa Ayalandi huanzia mpakani mwa Kerry na Cork, hupita Mallow, Fermoy na Lismore, na ukifika Cappoquin hupinda ghafla kuelekea kusini hadi baharini, Youghal. Samoni huzaliwa katika vijito vyake vya changarawe, hukulia Atlantiki, kisha hurudi mtoni kutaga mayai. Kwa kuwa hupita njia ileile kila msimu, aliyemiliki mto alikuwa na mali ya uhakika.

Katika karne ya 7 Mtakatifu Carthage alianzisha monasteri Lismore, ikawa kituo mashuhuri cha elimu. Mwaka 1185 John, mwana wa mfalme wa Uingereza, alijenga ngome juu ya mwamba unaoutazama mto, na baadaye maaskofu wakaifanya makazi yao. Mwishoni mwa karne ya 16 mali hiyo iliangukia mikononi mwa Walter Raleigh, aliyegawiwa mashamba makubwa yaliyonyang'anywa wenyeji walioasi. Mwaka 1602 alimuuzia Richard Boyle, ambaye baadaye akawa Earl wa Cork. Mwanawe Robert, mwanakemia maarufu, alizaliwa katika ngome hiyo mwaka 1627. Mwaka 1753, kwa njia ya ndoa na urithi, ngome na haki za uvuvi zilihamia kwa ukoo wa Duke wa Devonshire.

Chini ya Cappoquin mto hupwa na kujaa pamoja na bahari. Kwa desturi ya sheria ya Uingereza, kila mtu ana haki ya kuvua katika maji ya namna hiyo, isipokuwa pale ambapo mtu binafsi ana haki ya zamani iliyothibitishwa. Wavuvi wa nyavu walipoyapinga madai ya Duke, kesi ilifika hadi Baraza la Malodi, na mwaka 1882 likaamua kwamba haki hiyo ni yake.

Sheria za ardhi za miaka iliyofuata, hasa ile ya 1903, ziliwawezesha wapangaji kununua mashamba waliyolima. Haki za uvuvi hazikufuata ardhi kila mara, hivyo mkulima aliweza kumiliki ukingo bila kumiliki samaki. Uhuru wa 1922 nao haukuzifuta haki hizo.

Leo ngome ya Lismore bado ni ya ukoo wa Devonshire, na wageni hutembelea bustani zake. Mvuvi wa samoni hukata leseni ya serikali na kumlipa mwenye haki za kipande cha mto, kisha hurusha ndoano iliyofungwa manyoya mfano wa mdudu. Samoni walipopungua, serikali ilisitisha nyavu za jarife baharini kuanzia msimu wa 2007. Samoni aliyevuliwa kwa ndoano hauzwi, na anayechukuliwa nyumbani lazima afungwe lebo. Idadi ya wanaoruhusiwa kuvuliwa hutegemea makadirio ya wanaohitajika kubaki mtoni ili kuzaliana.