Wingi-tamaduni na Chuki Dhidi ya Walio Wachache

Wingi wa tamaduni ni hali. Nairobi inayo, Toronto inayo, na hata mji unaowabagua wageni wake unaweza kuwa nayo. Wingi-tamaduni, kwa kistari, ni imani: kwamba kila kundi lina haki ya kubaki na lugha, dini na mila zake, na bado likahesabiwa kuwa la wenyeji kamili. Istilahi hizi mbili zisichanganywe, maana kuishi pamoja pekee hakuondoi chuki. Inategemea watu wanaamini nini kuhusu kuishi huko.

Kanada iliifanya imani hiyo kuwa sera mwaka 1971, chini ya Waziri Mkuu Pierre Trudeau. Mwanasaikolojia John Berry na wenzake wakaenda kuwauliza wananchi wanaionaje. Hoja yao ni nzito: anayejiona salama katika utamaduni wake humpokea mwingine kwa wepesi; anayehofia kupokonywa chake humchukia jirani. Kinyume cha wingi-tamaduni ni umezaji, yaani kumtaka mdogo aache vyake afanane na mkubwa.

Kenya nayo inaonyesha gharama ya kutotambuliwa. Wamakonde waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge waliishi pwani ya Kenya kwa vizazi bila kitambulisho. Bila kadi hiyo hupigi kura, hufungui akaunti benki, husajili hata laini ya simu. Oktoba 2016 wakafunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Ulikuwa ushindi wa haki. Lakini namba ile pia inatia wasiwasi: ili wawe Wakenya, ilibidi kwanza wapate nafasi katika orodha ya makabila, kila kabila kivyake.

Hapo inahitajika imani ya pili, mwingiliano-tamaduni: kwamba tamaduni zimekuwa zikipeana tangu zamani. Watafiti Lisa Rosenthal na Sheri Levy wa Marekani wameonyesha kuwa wanaoiamini huelekea kuwa na ubaguzi mdogo. Kiswahili chenyewe ni ushahidi: meza imetoka kwa Wareno, kitabu kwa Waarabu, gari kwa Wahindi, na sarufi ni ya Kibantu.

Walimu wa uraia wafundishe imani zote mbili, ila waanze na haki ya kutambuliwa. Tukianza na mwingiliano, kundi dogo litaambiwa sote ni wamoja, kisha lirudi nyumbani bila kitambulisho.