Kansere ya korodani ikikataa dawa ya kwanza, njia gani inabaki?

Kansere ya korodani, ao mapumbu jinsi wengi wanasema, inashika zaidi vijana wa miaka 15 mpaka 40 hivi. Hata ikifika kwenye mapafu, wagonjwa wengi wanapona kwa shimio, ni kusema dawa kali zinazopitishwa kwenye mshipa. Zamani haikuwa hivyo. Ni mwaka 1974 munganga Lawrence Einhorn, kule Indiana, Marekani, alianza kuchanganya sisplatini na dawa zingine mbili, na vijana waliokuwa wanangojea kifo wakapona.

Leo matibabu ya kwanza inaitwa BEP: bleomisini, etoposidi na sisplatini. Mzunguko mmoja ni siku 21, na mgonjwa anapata mizunguko 3 ao 4. Lakini kuna wale ambao ugonjwa unawarudilia, ao unazidi kukua hata dawa ikiwa ingali inaingia.

Kwa hao, jambo la kwanza ni kuhakikisha kama kweli dawa imeshindwa. Wanganga wanaangalia skaneri pamoja na vipimo vitatu vya damu: AFP, beta-HCG na LDH. Kuna wakati vipimo vya damu vinashuka vizuri lakini uvimbe unaongezeka. Hapo inaweza kuwa teratoma, uvimbe ambao shimio haiuwezi, inaomba upasuaji. Tena, kansere iliyopewa dawa nusu nusu, juu ya pesa ama barabara iliyofungwa, haiko sawa na ile iliyopata dozi zote kwa wakati na bado ikakataa. Wanganga wanasema kansere imezoea sisplatini ikiwa inakua wakati wa matibabu ao mbele ya wiki 4 kupita kisha dozi ya mwisho. Ndiyo maana karatasi zenye majina ya dawa, dozi na tarehe zichungwe vizuri. Bila hizo, munganga mpya anabahatisha.

Njia inayofuata mara nyingi ni TIP: paklitaseli, ifosfamidi, na sisplatini tena. Watu wanashangaa, kwa nini kurudilia ileile? Ni kwa sababu ikipata wenzake wapya inaweza kufanya kazi bado, zaidi kwa yule aliyepona kwanza, ugonjwa ukarudi kisha miezi. Ifosfamidi inachubua kibofu mpaka mkojo unatoka na damu, kwa hiyo lazima iende na dawa ya kukinga inayoitwa mesna.

Njia kali zaidi ni dozi kubwa sana ya kaboplatini na etoposidi. Dozi hiyo ingeua uwezo wa mwili wa kutengeneza damu. Basi, mbele ya kuanza, wanachota kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe seli shina, zile zinazozaa damu, wanazigandisha kwenye baridi kali, kisha wanamrudishia. Indiana walitibu hivyo wagonjwa 184 kati ya 1996 na 2004; 116 walipona bila ugonjwa kurudi kwa miaka waliyofuatiliwa. Kati ya 40 ambao kansere yao ilikuwa imezoea sisplatini, 18 walibaki bila ugonjwa. Si wote, lakini kwa watu walioambiwa dawa imeisha, si kidogo.

Ikishindikana, kunabaki jemsitabini na oksaliplatini, ao vidonge vya etoposidi. Hapa wanaopona kabisa ni wachache. Mara nyingi lengo ni kupunguza ugonjwa, na kama uvimbe umebaki mahali pamoja, kuukata.

Sisplatini inaweza kuharibu figo na masikio. Mgonjwa anapewa maji mengi kwenye mshipa, na akisikia mlio masikioni aseme palepale. Anayetaka watoto aulize juu ya kuhifadhi mbegu mbele ya dozi ya kwanza, si kisha.

Dawa za BEP na za TIP ziko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Ngambo ya mpaka, kituo cha Butaro, Rwanda, kinatibu kansere tangu 2012, na Kampala iko Uganda Cancer Institute. Dozi kubwa yenye kurudisha seli inaomba maabara ya pekee. Mbele ya kuuza shamba ili kusafiri, familia iulize kwa simu maswali mawili: dawa ziko kwa mizunguko yote? Na nani atamfanyia upasuaji kama uvimbe ukibaki?