Barabara za Watu Waliohama: Baiskeli katika Vilima vya Massif Central

Mwendesha baiskeli anayetaka kuingia vilima vya Ufaransa ya kati hatafuti barabara nyekundu katika ramani. Nyekundu ni za malori na wenye haraka. Yeye hutafuta mistari myembamba ya njano, na zaidi ya hiyo ile myeupe, inayojipinda kama uzi ulioanguka sakafuni. Kampuni ya Michelin ilianza kutoa ramani hizi za kipimo cha 1:200,000 mwaka 1910, na alama zake zimekuwa kama alfabeti ya wasafiri. Ukingo wa kijani kando ya barabara maana yake mandhari ni ya kupendeza. Vishale vidogo juu ya mstari huonya kuhusu mwinuko: kimoja ni asilimia 5 hadi 9, viwili ni 9 hadi 13, vitatu ni zaidi ya hapo. Asiyejua kuvisoma atafundishwa na mapaja yake.

Ukifuata mstari mmoja mweupe, tuseme katika mikoa ya Creuse, Lozère au Ardèche, utakuta jambo la kushangaza. Lami ni nzuri. Kuna daraja la mawe juu ya kijito ambacho ungeweza kukiruka. Kuna mifereji ya maji pembeni, na kona zimepimwa kwa uangalifu. Unanyonga baiskeli kwa nusu saa nzima bila kupishana na gari hata moja, kisha barabara inafika kwenye kitongoji cha nyumba nne, mbili kati yake zikiwa zimefungwa madirisha. Nani aligharamia kazi yote hii, na kwa ajili ya nani? Watangazaji wa utalii huuza ukimya huu kana kwamba ni zawadi ya maumbile. Si kweli. Barabara hizi zilijengwa kwa ajili ya watu wengi, na watu hao wameondoka.

Za zamani kidogo zilianza kwa hofu ya mfalme. Mwaka 1685 Louis XIV alifuta Amri ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti haki ya kuabudu. Milima ya Cévennes ilikuwa ngome yao, nayo haikuingilika kwa urahisi. Basville, mwakilishi wa mfalme huko Languedoc, akaamuru zifunguliwe njia za kupitisha askari na mizinga. Njia ya mgongo wa mlima kati ya Florac na Saint-Jean-du-Gard, ambayo leo inaitwa Corniche des Cévennes, ni mzao wa kazi hiyo. Inapita juu, mabonde yakiwa kulia na kushoto, kwa sababu askari alitakiwa aone adui kabla ya kuonwa. Kwa hiyo mandhari inayomfanya mwendesha baiskeli asimame apige picha ilikuwa kwanza mandhari ya mlinzi.

Karne ya 18 ilileta wahandisi. Kuanzia mwaka 1738 wakulima wa karibu nchi nzima walilazimishwa kujenga barabara za mfalme bila malipo, kazi iliyoitwa corvée na kuchukiwa kwa moyo wote. Mwaka 1747 ilianzishwa École des ponts et chaussées, shule ya wahandisi wa madaraja na barabara. Huko Limousin, Turgot, aliyekuwa mwakilishi wa mfalme kuanzia 1761 hadi 1774, aliona afadhali kutoza kodi ya fedha na kulipa vibarua kuliko kuwaswaga wakulima kama ng'ombe. Mhandisi wake, Trésaguet, alipanga mawe makubwa chini na kokoto ngumu juu, kisha akasisitiza kwamba barabara itunzwe mwaka mzima badala ya kungojewa iharibike. Hata hivyo barabara zao nyingi ndizo hizo nyekundu za leo. 

Mistari myeupe ina mzazi mwingine: sheria ya tarehe 21 Mei 1836. Sheria hiyo iliitaka kila komuni, yaani kijiji chenye meya wake, kutunza njia za kuunganisha vijiji. Fedha hazikuwapo, lakini mikono ilikuwapo. Kila mwanaume mwenye afya, wa umri wa miaka 18 hadi 60, angeweza kudaiwa hadi siku tatu za kazi kwa mwaka, pamoja na siku za mkokoteni wake na za wanyama wake wa kukokota. Aliyependa alilipa fedha badala ya jasho. Msomaji anayejua msaragambo ataiona mara moja sura yake, pamoja na manung'uniko yake: nani alikuja na jembe butu, nani alimtuma mtoto, nani alipewa kipande cha barabara kinachopita mlangoni kwa meya. Wasimamizi walioajiriwa na mkoa walipima na kuelekeza. Kipimo chao hakikuwa mguu wa mtu bali shingo ya ng'ombe. Gari lililobeba shehena halipandi mlima wima, kwa hiyo barabara ilizungushwa na kuzungushwa tena ubavuni mwa kilima. Mwendesha baiskeli wa leo, anayemaliza kilomita 8 za kupanda akiwa bado na pumzi, angepaswa kumshukuru ng'ombe huyo.

Ndipo ikaja kejeli ya historia. Barabara zilizojengwa ili mazao yafike sokoni ziliwachukua wakulima wenyewe. Waashi wa Creuse walikuwa wakienda Paris kila majira ya kuchipua na kurudi nyumbani wakati wa baridi. Martin Nadaud, aliyekuja kuwa mbunge, aliondoka hivyo kwa miguu mwaka 1830 akiwa na miaka 14. Njia nzuri, kisha reli, zikafanya safari kuwa rahisi mno hata kurudi kukasahaulika. Katika Cévennes pigo lilikuja pia kwa mdudu: ugonjwa wa nondo wa hariri uliangusha uchumi wa mabonde katikati ya karne ya 19, na ndio uliomleta Louis Pasteur huko Alès mwaka 1865. Halafu vita vya 1914 hadi 1918 vikaua takriban askari milioni 1.4 wa Ufaransa. Katika vitongoji hivi mnara wa mashujaa huwa na majina mengi kuliko madirisha yenye taa. Creuse ilikuwa na watu zaidi ya 280,000 mwaka 1851. Leo haifiki 120,000. Urefu wa barabara haukupungua kwa kiasi hicho.

Baiskeli ilifika wakati watu wanaondoka, na mlango wake katika milima hii ulikuwa Saint-Étienne, mji wa makaa ya mawe, bunduki na utepe wa hariri. Paul de Vivie, aliyezaliwa mwaka 1853, alikuwa mfanyabiashara wa hariri kabla ya kutekwa na magurudumu. Mwaka 1887 alianzisha jarida lililokuja kuitwa Le Cycliste, na wasomaji wakamjua kwa jina la kalamu, Vélocio. Hakula nyama, hakupenda tumbaku, na alihubiri kwamba msafiri ale kabla ya njaa na anywe kabla ya kiu. Tatizo lake kubwa lilikuwa nyuma ya mji: Col de la République, kipito cha mlima chenye urefu wa mita 1,161 kutoka usawa wa bahari. Baiskeli za wakati huo zilikuwa na gia moja. Ukiwa tambarare unaenda. Ukifika mlimani unashuka na kuikokota.

Vélocio na wenzake wakafanya mlima huo kuwa karakana yao. Walijaribu minyororo miwili, walihamisha mnyororo kwa mkono, walibadilisha magurudumu. Kiwanda kikubwa cha mji kiliuza baiskeli ya Hirondelle yenye ufundi wa ajabu: ukinyonga mbele unapata gia ya tambarare, ukinyonga kinyumenyume unapata gia ya kupandia. Huenda ilimchekesha aliyekuona, lakini ulifika juu.

Wenye mashindano hawakucheka. Mwaka 1902 Touring Club de France iliandaa jaribio la baiskeli za utalii katika Tourmalet, huko Pyrenees, na gia zikaonyesha thamani yake. Marthe Hesse alikuwa miongoni mwa waliopanda. Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, hakushawishika. Kwake gia zilikuwa za wazee, na mwanaume kamili hupanda kwa misuli. Tour yake ya kwanza, 1903, ilipita Col de la République, mlima ule ule wa Vélocio, kwa gia moja. Wakimbiaji waliruhusiwa gia za kuhamisha mnyororo mwaka 1937 tu, miaka 7 baada ya Vélocio kufariki kwa kugongwa na tramu mjini kwake. Kwangu mimi hapa ndipo ilipoamuliwa barabara ndogo zitakuwa za nani. Mtu wa kawaida, mwenye begi na mkate, alikuwa tayari na chombo cha kumfikisha popote, wakati mabingwa bado wanateseka kwa sababu ya kiburi cha mtu mmoja.

Mwaka 1936 serikali ya Front populaire iliwapa wafanyakazi wiki mbili za likizo yenye malipo. Wengi walitoka mijini kwa baiskeli za watu wawili, wakalala katika hosteli za vijana. Baadhi yao, bila shaka, walikuwa wajukuu wa waliotoka vilimani na mkokoteni.

Gari lingeweza kuwaondoa. Badala yake lilienda kwenye njia pana, kisha kwenye barabara kuu za kulipia, na kuuacha mtandao wa barabara wa zaidi ya kilomita milioni 1 ukiwa na nafasi tele. Nyingi kati ya barabara hizo ni za komuni na za mkoa, hizi za pili zikiwa na herufi D. Col de la République yenyewe haimo katika utulivu huo: barabara yake, N82 ya zamani, leo D1082, ina malori, na wenye hekima hupanda milima hiyo ya Pilat kwa njia za pembeni. Huko Burgundy, mwaka 1997, reli iliyokufa kati ya Givry na Cluny iligeuzwa njia ya kwanza ya kijani nchini. Ni nzuri kwa watoto. Lakini reli hukwepa vilima, na anayependa vilima ataichoka kabla ya chakula cha mchana.

Katika mstari mweupe mambo huenda polepole zaidi. Asubuhi hupita gari la posta, basi dogo la shule, na lori la maziwa linalokwenda kwenye shamba la mwisho juu ya kilima. Ndilo linaloivunja lami, na kwa ajili yake komuni huendelea kuiziba. Mwendesha baiskeli husogea pembeni, huweka mguu chini kwenye majani, humpungia dereva mkono, kisha hurudi katikati ya barabara.