Timu Ndogo katika Safari Kubwa

Tunapozungumza habari za michezo ya taifa hili, kwanza tunamtaja Filbert Bayi na mbio zake za Christchurch mwaka 1974, nayo ni haki yake. Kisha tunautaja mpira, maana mpira hautajiki kwa ufupi. Mbio za magari hatuzitaji, au twazitaja kwa haya kidogo, kana kwamba ulikuwa mchezo wa watu wengine uliopita mbele ya nyumba zetu ukatuachia vumbi. Haya hiyo ina sababu yake, na tutaieleza. Lakini sisi tulio katika Nyanda za Juu Kusini, ambako lori na gereji vimekuwa sehemu ya maisha kwa miaka mingi, twaona kuna jambo ndani ya historia ile ambalo vijana wetu hawajaambiwa. Jambo lenyewe ni jinsi timu ndogo, zisizo na fedha, zilivyoweza kuyashinda makampuni makubwa ya dunia, na jinsi uwezo huo ulivyopotea baadaye.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, wakati wa ukoloni, kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waendeshaji walikuwa walowezi wa Kizungu, na punde wakaingia Waasia wenye gereji na maduka. Mwafrika alikuwapo, lakini mahali pake palikuwa nyuma ya gari lililozama, akilisukuma. Au chini yake, akiwa na spana mkononi. Hiyo ndiyo sababu ya haya tuliyoitaja, wala hatuna haja ya kuificha.

Hata hivyo mashindano yale yalikuwa na kanuni moja ya ajabu. Magari yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei yake dukani. Gari la bei ndogo lilishindana na la bei ndogo mwenzake, tena yalitakiwa yawe magari ya kawaida, yale yale ambayo karani au mkulima angeweza kuyanunua. Walioanzisha mchezo hawakuwa wajamaa, la hasha. Walitaka tu kujua ni gari gani lifaalo kwa barabara za huku. Lakini kwa kutaka hivyo, waliweka msingi ambao tajiri hakuweza kuubomoa kwa urahisi.

Yafaa msomaji aelewe namna mchezo wenyewe ulivyoendeshwa. Haukuwa wa kuzunguka uwanjani. Gari liliondoka, kwa kawaida siku za Pasaka, ambazo ni siku za masika, likaenda maelfu ya kilomita usiku na mchana kwa siku kadhaa. Njiani palikuwa na vituo, na kila kituo kilikuwa na saa yake. Aliyechelewa dakika alihesabiwa adhabu kwa dakika zile. Ukisimama kutengeneza springi, saa haisimami pamoja nawe. Ukikwama mtoni, ndivyo hivyo. Barabara hazikufungwa kwa ajili ya washindani. Mbele yako ungeweza kukuta lori, ng'ombe, au daraja lililochukuliwa na maji. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90. Yakarudi 7 tena. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakaaji wa Kenya, katika Peugeot 404.

Makampuni ya Ulaya yalipouona umaarufu wa Safari, yalileta madereva wao bora. Erik Carlsson wa Sweden alikuwa bingwa wa Monte Carlo mwaka 1962 na 1963. Huku kwetu alifika nafasi ya pili mwaka 1964, wala hakupata kushinda kamwe. Tangu 1953 hadi 1971 hakuna dereva hata mmoja aliyetoka ng'ambo ambaye alishinda Safari. Kila mwaka washindi walikuwa watu waliokaa Afrika Mashariki. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, walishinda kwa Volvo PV544 kuukuu, gari lililokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda na kuachwa. Kiwanda kilishindwa nalo. Ndugu wawili wenye gereji wakalifungua, wakalifunga upya, wakaushinda ulimwengu.

Ndipo ikaja zamu ya Tanzania. Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, Safari ilishindwa na Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Tanzania, pamoja na msoma ramani wake, Chris Rothwell. Gari lao lilikuwa Peugeot 404, na nyuma yao ilikuwapo Tanganyika Motors ya Dar es Salaam, wakala wa Peugeot nchini. Wakala ni duka na gereji. Hana kiwanda, hana wahandisi wa kuchora injini mpya, hana bajeti ya kuangamiza magari kumi ili la kumi na moja lipite. Alicho nacho ni mafundi wanaoyapokea magari ya wateja kila siku yakiwa yamevunjika, nao wanajua yanavunjikia wapi. Peugeot 404 ilikuwa gari la familia, lenye injini ya lita 1.6. Wazee wengi wanaikumbuka kuwa ni gari la kubebea abiria, magunia na mbuzi.

Ushindi wa pili ulipatikana Pasaka ya 1967, wiki chache tu baada ya Azimio la Arusha la Februari 5 mwaka ule. Sadfa hii inatufikirisha. Azimio lilifundisha kwamba fedha haiwezi kuwa msingi wa maendeleo ya nchi maskini. Msingi ni watu, ardhi na kazi. Bila shaka hakuna aliyeliandika akifikiria mbio za magari, na kwa macho ya wakati ule mchezo wa kuchoma mafuta kwa siku nne ulionekana anasa. Nasi hatusemi kwamba ushindi wa Mskoti katika gari la Kifaransa ulikuwa ushindi wa Ujamaa. Twasema kwamba ndani ya gereji lilikuwamo jambo ambalo Azimio lingelitambua: ujuzi uliozaliwa na kazi, ambao hakuna mwenye fedha aliyeweza kuuagiza kwa meli. Orodha ya washindi ina nafasi ya dereva na msoma ramani. Haina nafasi ya fundi. Basi majina ya waliokaza nati zile hayamo.

Na hapa ndipo Iringa na Mbeya zinapoingia katika habari hii, kwani ujuzi wa namna ile haukuwa wa Dar es Salaam peke yake. Novemba 11, 1965, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa hila, na Zambia ikakatiwa njia zake za kusini. Mafuta yakaanza kupelekwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, yakipandisha Kitonga, yakipita Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya hadi Tunduma. Na shaba ikarudi kwa njia hiyo hiyo. Barabara ilikuwa ya udongo. Wakati wa kiangazi vumbi lilimficha aliye mbele. Wakati wa masika lori lilikaa topeni siku nzima, na lililoteleza Kitonga halikuokolewa. Waandishi wa Kiingereza waliiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta lilipokamilika mwaka 1968 mzigo ulipungua, kisha lami ikaja, na reli ya TAZARA ikafuata.

Miaka ile iliwafundisha watu wa mikoa yetu. Fundi wa Iringa alijifunza kuuondoa unyasi wa springi uliokatika na kuutia mwingine gizani, kwa mwanga wa taa ya mafuta. Utingo alijifunza kusoma tope kwa mguu: hapa pana mwamba chini, hapa hapana. Fundi wa Mbeya alichomelea chasisi iliyopasuka, akaiongezea bamba mahali ambapo kiwanda hakikuona haja. Kazi hizi hasa ndizo zinazolipitisha gari la mashindano. Bamba chini ya injini, springi zilizoongezwa nguvu, rejeta iliyokingwa, spea chache zilizochaguliwa kwa akili: hivyo ndivyo vilivyokuwa utajiri wa timu ndogo.

Ili tuone thamani ya tope, tulinganishe na mahali pasipo na tope. Huko Italia, katika mji wa Faenza, ilikuwapo timu ndogo iliyoitwa Minardi. Ilishindana katika Formula 1, daraja la juu kabisa la mbio za uwanjani, tangu 1985 hadi 2005. Katika mashindano 340 ilipata pointi 38 tu, wala haikushinda hata mara moja. Haikukosa watu hodari, kwani Fernando Alonso, bingwa wa dunia wa 2005 na 2006, alianzia pale mwaka 2001. Ilikosa fedha, na juu ya lami iliyonyooshwa fedha haina mpinzani. Kila mzunguko ni sawa na uliotangulia, na mwenye injini bora anapata faida ile ile tena na tena. Barabara ya masika haikubali hesabu hiyo.

Lakini barabara nayo ilikuja kununuliwa. Mwaka 1972, mashindano yalipoanzia na kuishia Dar es Salaam, Hannu Mikkola wa Finland aliibuka mshindi kwa Ford Escort ya kiwanda, akawa mgeni wa kwanza kushinda. Makampuni yalikuwa yamejifunza. Yalituma watu mapema kuipitia njia na kuandika kila kona. Yaliweka magari ya huduma kila mahali. Na katika miaka iliyofuata yakaleta hata helikopta za kutazama njia kutoka juu. Kile ambacho utingo alikijua kwa mguu, sasa kilisemwa kwa redio. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano kati ya 1973 na 1982, lakini yeye alikuwa na Datsun nyuma yake. Katikati ya miaka ya 1970 Safari ikabaki ndani ya Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa. Tanzania ikatoka katika ramani ya mchezo iliyokuwa imeushinda mara mbili.

Mchezo haukufa nchini. Iringa imekuwa mwenyeji wa mashindano ya taifa, na mashindano ya ubingwa wa Afrika yamepewa jina la Mkwawa, ingawa yamefanyikia Morogoro, jambo ambalo Wahehe wana haki ya kulitania. Magari sasa yamejengwa mahsusi kwa mbio, na moja jipya la daraja la pili la dunia huuzwa kwa zaidi ya yuro laki mbili. Timu ndogo hununua Subaru au Mitsubishi iliyokwisha kushindaniwa na wengine, kama Joginder alivyofanya, ila sasa mwenye gari jipya halingoji tope lichague mshindi. Sehemu za mwendo ni fupi, zinafungwa, na zinahesabiwa kwa sekunde.

Katika timu kama hiyo gari la huduma ni pikapu moja. Matairi yanapangwa kwa bajeti, na yaliyochakaa asubuhi yanarudi kazini alasiri. Gia boksi ya akiba haipo. Ikifa iliyomo, mashindano yamekwisha. Mafundi ni wawili au watatu walioomba ruhusa kwa siku tatu, nao hulala chini ya turubai kando ya gari. Jumatatu hurudi gereji, ambako lori la mbao kutoka Sao Hill limeegeshwa likiwangoja, springi ya nyuma imekatika.