Kutikisa Si Kubomoa

Kuna neno moja la Kiingereza, agitation. Kifaransa nacho kinalo, limeandikwa vilevile, ndiyo sababu hata sisi wa Kongo tunalisikia mara nyingi. Waliojifunza Kilatini watamtambua mzazi wake mara moja: agere, yaani kuswaga wanyama, na agitare, yaani kuswaga kwa nguvu, tena na tena. Humo limetoka pia cogitare, kufikiri, kwa maana mwenye kufikiri anayatikisa mawazo yake pamoja moyoni. Mtakatifu Augustino ameyaweka maneno hayo karibu karibu katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake.

Waingereza wametia mambo mengi katika neno hilo. Ukitikisa chupa ya dawa, ni agitation. Mgonjwa akigaagaa kitandani, ni agitation. Moyo ukichafuka kwa wasiwasi, ni neno lilelile. Na mtu akiwaamsha watu wadai haki yao mbele ya serikali, ni hilo pia. Kiswahili chetu huyatenganisha: twasema kutikisa, kugaagaa, wasiwasi, kuamsha, kuchochea. Tena kuchochea ni neno la moto: mwenye kuchochea aweza kuivisha chakula, aweza pia kuunguza nyumba. Basi tutajuaje ni moto gani?

Tutazame Irlandi. Tangu mwaka wa 1801 nchi hiyo ilitawaliwa na Bunge la London. Wenyeji wake wengi walikuwa Wakatoliki, lakini Mkatoliki hakuweza kuketi katika Bunge hilo, kwa sababu alitakiwa kwanza kuapa kwamba Misa ni ibada ya sanamu. Mwaka wa 1823 mwanasheria Daniel O'Connell aliunda pamoja na wenzake Chama cha Wakatoliki. Mwaka uliofuata maskini waliitwa kutoa peni moja tu kila mwezi, na mapadri walisaidia kuikusanya. Mwaka wa 1828 O'Connell akachaguliwa katika jimbo la Clare, ingawa sheria ilimzuia kuingia Bungeni. Serikali iliogopa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na tarehe 13 Aprili 1829 sheria ya kuwafungulia Wakatoliki mlango ikapita. Lakini siku hizohizo wakulima wadogo wengi, wale waliompigia kura, walinyang'anywa kura yao. Ushindi ule ulikuwa na machozi ndani yake.

Adui za O'Connell walimwita agitator, yaani mchochezi. Yeye hakulikataa jina hilo, akalichukua kama sifa.

Baadaye alidai Irlandi irudishiwe Bunge lake. Mwaka wa 1843 watu walimiminika kumsikiliza. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, mlima wa Tara ulijaa watu. Mkutano mwingine uliwekwa Clontarf, tarehe 8 Oktoba. Siku moja kabla yake serikali iliukataza. O'Connell akatuma wajumbe barabarani kuwarudisha watu, kusudi damu isimwagike. Vijana wengine walimlaumu, wakaona amerudi nyuma. Mwaka wa 1844 akafungwa gerezani hata hivyo, na alipokufa mwaka wa 1847, Bunge lile halijarudi.

Je, alishindwa? Sisi twaona kwamba siku ile ya Clontarf ndiyo iliyoonyesha yeye ni mtu wa namna gani. Mchochezi mbaya hujua kuwasha tu. Yeye alijua kuwasha, na alijua kuzima.

Basi, ndugu mapadri, waseminari na wakatekista, tukisikia mtu anaitwa mchochezi, tusikimbilie kumhukumu, wala tusikimbilie kumfuata. Tuulize kwanza: anadai haki gani? Anatumia njia gani? Naye ataweza kuwarudisha watu nyumbani salama? Tukumbuke Evanjili ya Mtakatifu Luka: shitaka hilohilo la kuwachochea watu ndilo lililopelekwa mbele ya Pilato juu ya Bwana wetu Yezu Kristu.