Kutoka Utaifishaji hadi Urasimishaji: Historia ya Maneno Marefu ya Sera katika Kiswahili cha Tanzania

Ikisiri

Makala hii inafuatilia namna maneno marefu ya Kiingereza yanayoishia kwa herufi za ization yalivyopokewa katika Kiswahili cha sera nchini Tanzania tangu 1967. Inadai kwamba uteuzi wa umbo haukuwa suala la istilahi pekee. Uliamua pia kama mtenda angeendelea kuonekana katika neno au angefichika. Mjadala unarejelea ukanda wa Kerege, wilayani Bagamoyo.

1. Nomino iliyotangulia kijiji

Kerege ni kata iliyo kando ya barabara ya Dar es Salaam hadi Bagamoyo, katika ukanda wa minazi na mikorosho. Historia yake ya karibuni inaweza kusomwa kama mfululizo wa nomino za Kiingereza. Mwaka 1961 ripoti ya Benki ya Dunia kuhusu uchumi wa Tanganyika ilipendekeza njia mbili za kukuza kilimo. Ya kwanza iliitwa improvement, yaani kumsaidia mkulima aboreshe kilimo chake pale pale alipo. Ya pili iliitwa transformation, yaani kumpeleka katika makazi mapya yenye ramani, mtaji na usimamizi wa karibu. Njia zote mbili ziliingia katika Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, 1964 hadi 1969, na Kerege ilikuwa miongoni mwa skimu za majaribio za njia ya pili, pamoja na Upper Kitete, Kabuku na Rwamkoma. Skimu hizo ziligharimu fedha nyingi kuliko zilivyozalisha, na mwaka 1966 serikali iliacha kuanzisha nyingine za aina hiyo.

Jambo la kuzingatia ni mpangilio wa matukio. Neno lilitangulia, kijiji kikafuata. Katika miongo iliyofuata utaratibu huo ulijirudia, ila maneno yalizidi kuwa marefu na yakawa na mwisho mmoja: nationalization, decentralization, villagization, privatization, globalization, formalization. Kila moja lilihitaji jina la Kiswahili ili liweze kusemwa mkutanoni chini ya mwembe.

2. Mkia wa Kiingereza na kichwa cha Kiswahili

Kwa Kiingereza maneno haya yanatambulikana kwa mkia. Kiambishi ize kina asili ya Kigiriki, kikapitia Kilatini na Kifaransa, na katika mifano iliyotajwa kimebandikwa kwa wingi kwenye mashina ya Kilatini. Kiswahili kinafanya kazi tofauti. Ukoo wa maneno huonekana kwanza mwanzoni, kwa kiambishi cha ngeli, kisha katikati, kwa mnyambuliko wa kitenzi. Ndiyo maana istilahi za itikadi zinazoishia kwa ism katika Kiingereza ziliweza kupokewa kwa herufi moja tu ya mwanzo: ujamaa, ubepari, ubeberu, ukabaila. Msikilizaji hakuhitaji kufundishwa. Alimjua bepari tangu enzi za maduka ya wafanyabiashara kutoka India, na beberu alimwona zizini.

Februari 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, benki na makampuni makubwa yalichukuliwa na dola. Tendo hilo liliitwa kutaifisha. Shina taifa ni la Kiarabu. Mnyambuliko isha ni wa Kibantu. Wapo wanaoona mchanganyiko huo kama kasoro, lakini hoja yao haina uzito, kwa kuwa nationalization nayo ni shina la Kilatini lenye mkia wa Kigiriki. Sifa ya taifisha iko kwingine. Kauli ya kutendesha huongeza mshiriki katika sentensi: lazima awepo anayesababisha kitu kiwe cha taifa. Hata nomino utaifishaji inabeba kiambishi hicho katikati, na swali la nani aliyetaifisha nini linaweza kuulizwa bila kubadili neno. Mwaka 1967 serikali haikuwa na sababu ya kulikwepa swali hilo. Ilijivunia jibu lake.

3. Mikoani na vijijini

Miaka mitano baadaye ilikuja decentralization. Mtu angetarajia kitenzi kingine cha kutendesha. Badala yake sera ya 1972 ilijulikana kwa jina la Madaraka Mikoani, kirai kisicho na kitenzi chochote. Kiingereza kilitaja tendo, Kiswahili kikataja mahali. Mfano wa namna hiyo ulikwishaonekana 1967, pale waraka wa Mwalimu Nyerere ambao kwa Kiingereza una anwani ya Socialism and Rural Development ulipoitwa kwa Kiswahili Ujamaa Vijijini. Neno la maendeleo lilidondoka, kikabaki kiambishi ni cha mahali.

Kama tafsiri, Madaraka Mikoani ni sahihi kuliko asili yake, pengine bila waandaaji kukusudia. Neno la Kiingereza linaahidi kwamba mamlaka yataondoka kitovuni, lakini halisemi yatafika wapi. Kirai cha Kiswahili kinasema: yatafika mikoani. Na ndivyo ilivyokuwa. Maofisa walitoka wizarani wakaenda makao makuu ya mikoa na wilaya, huku halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zikivunjwa. Zilirejeshwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi tena 1984. Aliyesikiliza jina kwa makini angeweza kujua tangu mwanzo kwamba safari ya madaraka ingekomea mkoani.

Villagization ni mfano mzito zaidi. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini si hiari tena, na mwisho wa 1976 ukawekwa kuwa kikomo. Kisarufi, Kiswahili kilikuwa na kila kilichohitajika ili kuunda kitenzi cha kutendesha. Watu walikuwa wakihamishwa, na kitenzi hamisha kilikuwa kimekamilika tangu zamani. Hata hivyo kampeni ilipewa jina la Operesheni Vijiji, kwa kufuata operesheni za kimkoa zilizoitangulia, kama Operesheni Dodoma ya 1971. Operesheni ni neno lililopokewa kwa sikio, kama stesheni, na Kiswahili hakina shina lake. Haliwezi kuvunjwa likaonyesha nani anatenda na nani anatendwa. Pale ambapo kitenzi kilitumika, mara nyingi kilikuwa hamia, kauli ya kutendea, ambayo mtenda wake ni mhamaji mwenyewe: wananchi walihamia vijijini. Kati ya hamia na hamishwa hakuna tofauti kubwa ya herufi, lakini kuna tofauti ya anayebeba jukumu la nyumba iliyobomolewa.

Hakuna haja ya kudhani kwamba mtu fulani aliketi ofisini akapanga ufiche huo. Istilahi za namna hii hutokea kwa haraka ya magazeti, redio na hotuba. Lakini ukitazama matokeo kwa pamoja, mwelekeo unaonekana: tendo ambalo dola ilijivunia lilipata kitenzi chenye mtenda, na tendo lililohitaji nguvu likapata jina la mahali au neno la mkopo lisilochambulika.

4. Tofauti ya herufi

Privatization ilipofika miaka ya 1990, baada ya Azimio la Zanzibar la 1991 kulegeza masharti ya uongozi, Kiswahili kilirudi kwenye kauli ya kutendesha: binafsisha, ubinafsishaji. Kimuundo ni pacha wa utaifishaji, na pacha huyo alifaa, kwa kuwa kilichobinafsishwa mara nyingi ndicho kilichotaifishwa. Tatizo lilikuwa katika herufi za mwanzo. Kwa miaka ishirini na zaidi neno ubinafsi lilikuwa limetajwa katika orodha ya maovu, pamoja na unyonyaji na uzembe. Sasa sera rasmi ya serikali ilianza kwa herufi zile zile nane. Mwanaisimu atasema kwamba binafsi ni kivumishi kisicho na lawama, na kwamba ubinafsishaji haukutokana na ubinafsi. Yu sahihi, lakini msikilizaji hasikii miti ya mofolojia. Husikia neno analolijua ndani ya neno asilolijua.

Wakati huo huo globalization ilipata jina la utandawazi, kutokana na tanda na wazi. Kiarabu kiliiita awlama, kwa kigezo cha kitenzi kilichoundwa kutokana na alam, ulimwengu. Kiswahili kikachagua tanda, kitenzi kisichodai mtendwa, kama wingu linavyotanda bila kuulizwa limetandwa na nani. Kwa mtazamo wa makala hii, huo ndio upungufu wa neno hilo, ingawa kwa uzuri wa sauti lina wapinzani wachache. Wasemaji wenyewe walilisahihisha kwa kubadili irabu moja: wazi ikawa wizi, na utandawizi ukaenea katika mazungumzo na magazeti. Utani huo ulirudisha mtenda aliyeachwa nje. Pakiwa na wizi, pana mwizi.

5. Urasimishaji

Neno la karibuni zaidi katika ukoo huu ni formalization. Tangu 2004 limeishi ndani ya kifupisho MKURABITA, yaani Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania, na hivi leo linatajwa zaidi katika masuala ya ardhi. Kwenye ukanda wa Kerege, ambako Dar es Salaam inasogea kaskazini na mashamba yanageuka viwanja, si istilahi ya semina tu.

Rasimisha ni kauli ya kutendesha iliyoundwa kwa rasmi, na kwa hiyo ina dhana ya awali: kinachorasimishwa hakikuwa rasmi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwa upande wake, inatambua haki ya kimila kuwa na hadhi sawa na haki ya kupewa. Basi sheria na neno havisemi kitu kimoja. Mwenye shamba alilorithi kwa babu, lenye mpaka wa minazi unaojulikana na majirani wote, anaposikia kwamba ardhi yake itarasimishwa, kisarufi anaambiwa kwamba hadi siku hiyo haikuwa na urasmi. Kiambishi sha kinamruhusu kuuliza nani anaifanya iwe rasmi. Kinachomnyima ni shina.